Diski kubwa za breki: nani anazihitaji kati ya Ngamiani na Lushoto?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alileta baiskeli yake kwa fundi pale Ngamiani, Tanga mjini, akiwa na mfuko wenye diski mbili mpya za breki, kipenyo milimita 203. Baiskeli yenyewe ni ya mlima, mtumba, magurudumu ya inchi 26, breki za waya, diski za 160 mbele na nyuma. Shida yake aliieleza kwa maneno machache: "Breki hazishiki, mzee. Nifungie hizi." Fundi, ambaye alianza kuziba pancha kabla sisi wengine hatujazaliwa, alizungusha gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye diski, kisha akamwonyesha. Kidole kilikuwa cheusi. "Mwanangu, breki hii haina udogo wowote. Imekunywa oili."

Ubishi ukaanzia hapo, na mimi nilikuwamo. Wengine walisema diski kubwa ni anasa ya watu wa kwenye video, wengine wakaapa kwamba bila 203 hushuki mlima ukafika na meno yako. Nilipotulia nikagundua kwamba kila upande ulikuwa na haki, ila ulikuwa unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Faida ya diski kubwa haina uchawi. Fundi akikutana na nati iliyoganda huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Mkono ni uleule, lakini nati inalegea kwa sababu wenzo umerefuka. Pedi zinapoibana diski mbali zaidi na ekseli, kinachotokea ni hichohicho. Ukitoka 160 kwenda 180, kwa mbano uleule wa vidole unapata nguvu ya kuzuia gurudumu iliyozidi kwa asilimia 12 hadi 14. Ukiruka moja kwa moja hadi 203, ongezeko linapita robo. Hapo muuzaji hajakudanganya. Chukua rula upime mwenyewe.

Anapoanza kukudanganya ni pale anaposema utasimama ndani ya hatua chache zaidi. Baiskeli inasimamishwa na ardhi kupitia tairi. Kwenye lami kavu ya Tanga mjini, diski ya 160 yenye pedi nzima tayari inaweza kuinua gurudumu la nyuma ukiibana ya mbele kwa pupa, na ukizidisha unarushwa juu ya usukani. Kikomo hicho kinatokana na urefu wa baiskeli na jinsi uzito wako ulivyokaa juu, na hakuna diski inayokisogeza. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kama ule wa vijia vya milima ya Amani wakati wa masika, kikomo kinafika mapema zaidi: tairi inateleza kabla hujafika mbali na breki. Pale 203 inaweza hata kukuponza, kwa kuwa mguso mdogo tu wa kidole unafunga gurudumu, na mtu aliyezoea kubana kwa vidole vitatu atalala chini kabla hajajifunza kutumia kimoja.

Basi diski kubwa inampa mtu nini? Inampumzisha vidole, na inalipatia joto mahali pa kukaa. La vidole ni dogo ukiwa unatoka Chumbageni kwenda sokoni. Ni kubwa ukiwa umebana breki nusu saa mfululizo na viganja vimeanza kufa ganzi. La joto linahitaji hesabu kidogo.

Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini kabisa, kwenye tambarare. Kati yao kuna kilomita thelathini na kitu za lami yenye kona, na mteremko wa karibu mita 1,000. Mtu, baiskeli na mkoba vikiwa na kilo 90, nguvu inayopaswa kumalizika njiani ni kama kilojuli 880. Kwa lugha ya jikoni, hiyo inachemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji ya bomba. Upepo na tairi vinakula sehemu yake, kweli, lakini ukishuka kwa woga huku umeburuta breki mwanzo hadi mwisho, mgao mkubwa unaishia kwenye diski mbili. Diski ya 160 ina gramu mia moja na kitu, nyepesi kuliko simu iliyoko mfukoni mwako. Sufuria nzima ya chai, juu ya vipande viwili vya chuma vya namna hiyo.

Niliwahi kuteremka huko na diski za 160, breki za mafuta, mkoba mgongoni. Nilipopita Soni nikasikia harufu kama ya klachi ya lori lililopakia kupita kiasi. Nikadhani ni la mbele yangu. Halafu mkono wa breki ya mbele ukaanza kuzama: kona ya kwanza ukashika katikati, kona ya pili ukakaribia usukani, ya tatu ukaugusa kabisa. Nilisimama kwa breki ya nyuma na soli za viatu. Nikadondosha tone la maji kutoka kwenye chupa, likaita tss na kutoweka. Ukingo wa diski ulikuwa umegeuka rangi, zambarau inayoelekea bluu. Mtoto mmoja aliyekuwa akiuza matunda pembeni akaniambia, "Mwagia chupa yote, kaka." Nilimshukuru na sikumfuata, maana chuma chenye joto vile kikimwagiwa maji ghafla kinapinda. Nikakaa juu ya jiwe dakika ishirini, nikala peasi zake.

Kilichotokea kina maelezo ya kawaida. Pedi za resini, ambazo ndizo laini na kimya, hupoteza msuguano zikipata joto kupita kiasi. Na mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu. Mapovu yanabanika, mafuta hayabaniki, ndiyo maana mkono unazama bila kushika kitu. Mafuta ya DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, na yakishanyonya kiwango hicho kinaweza kuporomoka hadi 155. Sisi tunaishi pwani. Mafuta yaliyokaa miaka mitatu bila kubadilishwa katika hewa ya Tanga si yale uliyonunua. Breki zinazotumia mafuta ya madini hazina tabia hiyo ya kunyonya, ila maji yakiingia humo hutuama chini kwenye kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi, mahali penyewe penye moto. (Na tafadhali, hayo mawili hayachanganywi wala kubadilishana. Nimeona breki ya mafuta ya madini iliyojazwa mafuta ya breki ya gari. Baada ya muda mpira wa ndani ulivimba, kalipa ikawa ya kutupa.)

Kwa hiyo anayetetea diski kubwa kwa ajili ya Lushoto ana hoja nzito. Joto linalozalishwa linabaki lilelile, lakini chuma kimeongezeka, eneo la kupigwa na upepo limeongezeka, na kiwango cha joto kinapanda polepole zaidi. Ongeza uzito wa mtu: wa kilo 60 na wa kilo 100 hawashuki mlima mmoja. Ongeza pia gurudumu. Gurudumu kubwa nalo ni wenzo, ila linavuta upande wa kukupinga, na la inchi 29 linaizidi nguvu breki kuliko la 26 kwa kama sehemu moja ya kumi. Mwenye baiskeli mpya ya 29 yenye diski za 180 amepata takriban kile ambacho mwenye mtumba wa 26 anacho tayari kwenye 160. Hili watu wanalisahau wanapolinganisha breki zao kijiweni.

Upande wa pili nao una yake, na mengi hayahusu fizikia.

Kwanza uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kila mtengenezaji wa uma na fremu huweka kikomo cha diski. Wapo wanaoruhusu 203 mbele, lakini uma nyingi za bei nafuu zenye springi zinaishia 180, nyingine 160, na nyuma ya fremu nyingi mwisho ni 180. Watu husema "diski kubwa inavunja uma," nami siipokei kauli hiyo kama ilivyo, kwa sababu ukisimama kwa ukali uleule, uma unapokea msukosuko uleule. Tatizo ni kwamba sasa kidole kimoja kinaweza kudai kutoka kwenye uma huo mwembamba kile ambacho haukupimwa kukibeba, tena kupitia adapta, kipande cha kuunganishia, kilichoisogeza kalipa mbali na masikio ya uma inapofungwa. Wakati mwingine diski haipiti kabisa, inasugua mguu wa uma.

Halafu hiyo adapta. Diski ikiongezeka milimita 20, kalipa lazima ipande milimita 10, kwa kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na bolti za urefu wake. Nimeona kwa macho yangu kalipa iliyoinuliwa kwa washa zilizopangwa kama sarafu, bolti imeng'ata nyuzi mbili. Mwenye baiskeli alikuwa anajisifu kwamba ameokoa hela ya adapta.

Jambo dogo ambalo sijasikia mtu akilisema: tunafikaje Lushoto? Kwa basi. Baiskeli inalazwa kwenye buti, na wakati wa kurudi juu yake vinakaa viroba vya viazi na kabichi. Diski ya 203 inajitokeza zaidi na inapinda kwa urahisi kuliko ya 160. Utashuka basi na kuanza kusikia chwi, chwi, chwi kila mzunguko. Ukisafiri namna hiyo, fungua magurudumu na uyabebe mwenyewe. Uzito, kwa upande mwingine, usikusumbue: kutoka 160 hadi 203 kila gurudumu linaongezeka gramu 60 hadi 80 hivi, yai moja na kitu.

Lakini hoja iliyonishinda mimi, niliyekuwa upande wa diski kubwa, ni ya kile kidole cheusi. Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli. Wengi hapa hawashuki mteremko wowote wa maana mwezi mzima. Breki zao zikikataa, ugonjwa mara nyingi upo karibu. Tunapaka cheni oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure, cheni inairusha, diski ya nyuma inaipokea. Ya mbele inaipata kwa mikono yetu na matambara yetu. Pedi ya resini ikishainywa oili haioshwi ikapona, unaitupa. Waya nazo: chumvi ya bahari inaingia kwenye ganda linaloufunika waya, waya inashika kutu ndani, na nusu ya nguvu ya vidole inaishia kuusukuma waya huo badala ya pedi. Ukiweka 203 kwenye breki ya namna hii umeongeza robo juu ya karibu sifuri. Na kabla ya kulaumu diski, pima unene wake: nyingi huzaliwa na milimita 1.8, na Shimano, kwa mfano, wanasema itupwe ikifika 1.5. Kama imeandikwa ni ya pedi za resini tu, usiiwekee za chuma, zitaitafuna.

Mimi sasa nasimama hapa. Anayezunguka mjini, pesa yake iende kwenye pedi, waya na ganda lake, na tairi yenye meno yaliyobaki. Anayeshuka Lushoto au Amani mara kwa mara, hasa mwenye mwili au mzigo, aongeze daraja moja, mbele tu, kama uma unaruhusu. Unapobana breki uzito unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi na linafungika kirahisi hata kwa 160. Na huyo wa mlimani ajifunze kuacha baiskeli ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka na kubana kwa nguvu kabla ya kona, badala ya kuburuta. Mwendo ukiwa mkubwa, upepo unabeba sehemu ya kazi bila malipo.

Yule kijana? Fundi aliosha diski zake za 160 kwa spiriti, akazipiga msasa mwepesi, akamfungia pedi mpya na waya mpya, kisha akamtuma barabarani akimbize na kubana mara ishirini bila kusimama kabisa, ili pedi zizoeane na chuma. Alienda hadi Raskazone na kurudi. Aliporudi hakusema neno, alikaa kwenye benchi akichunguza uma wake, na hapo ndipo tukaona wote kibandiko kilichofifia: mwisho 180. Wiki iliyofuata alibadilishana diski moja na jamaa mwenye 180, akanunua adapta, akaifunga mbele kwa sababu ana safari ya Amani na wenzake. Ile nyingine ya 203 bado inauzwa, haijatoka kwenye mfuko.