Bustani ya Jeevanjee ibaki ya watu wote

Kila ninaposikia habari za "kuboresha" bustani za Nairobi, roho inanidunda. Ninachohofia ni geti, askari wa kufukuza watu, na mwishowe kiingilio.

Nenda Jeevanjee saa saba mchana, watu wa maofisini wakishatoka kula. Chini ya mti mhubiri ameshika Biblia mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, shati limelowa jasho, sauti imeanza kukauka. Hatua chache kutoka hapo, umati umewazunguka wawili wanaobishania bei ya unga na ahadi za wabunge. Bunge la Mwananchi, ule mjadala wa wazi wa raia wa kawaida kuhusu siasa, lilianza hivyo hivyo, hapo hapo. Kando yao kijana mwenye bahasha ya kaki amelala kwenye nyasi, viatu amevifanya mto. Hakuna anayemuuliza amenunua nini. Ukivuka tu kuingia Moi Avenue, karibu kila kiti utakachokalia kina bei.

Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliwapa watu wa Nairobi bustani hii mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Enzi hizo Wazungu walikuwa wamejitengea mashamba ya nyanda za juu, na Mhindi hata awe na fedha kiasi gani hakuyapata. Aliyebaguliwa katika ardhi ndiye aliyetoa ardhi ikae kila mtu. Hilo linanigusa kuliko sanamu yoyote. Ile ya malkia ilikatwa kichwa mwaka 2015, na bustani iliendelea na shughuli zake kama kawaida.

Pigo la kweli liliepukwa mwaka 1991, ulipoletwa mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani na mpango ukafa. Miaka miwili tu kabla yake, Wangari Maathai alikuwa ameipigania Uhuru Park dhidi ya jengo la ghorofa 60. Bustani zote mbili tunazo leo kwa sababu kuna watu waliokubali kutukanwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo wanaotaka kuiboresha Jeevanjee waanze na vyoo visafi, maji ya kunywa, taa za usiku na benchi zaidi. Mhubiri na wabishani waachwe walipo, na yule kijana asiamshwe.