Msongo wa mawazo na saratani: tusimtwishe mgonjwa lawama

Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa wa saratani mara nyingi humwambia: "Usiwe na mawazo, mawazo ndiyo yanayolisha ugonjwa." Nia ni njema. Lakini mgeni akishaondoka, mgonjwa hubaki macho usiku kucha akijichunguza: ni ile talaka? Ni yale madeni?

Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda, sukari hupanda kwenye damu. Hatari ikipita, mwili hutulia. Isipopita kwa miezi, homoni hizo huanza kuvuruga usingizi na kinga ya mwili. Mwaka 2010 watafiti waliwafungia panya wenye saratani ya matiti mahali finyu, siku baada ya siku. Uvimbe wa awali haukubadilika sana, ila ugonjwa ulisambaa kwenye viungo vingine mara 30 zaidi. Walipopewa propranololi, dawa ya zamani ya presha inayoizuia adrenalini isizifikie seli, kusambaa huko kulidhibitiwa.

Matokeo hayo ni mazito, nami siyapuuzi. Ila tuangalie yanasema nini hasa: panya hao walikuwa tayari na saratani. Kusukuma ugonjwa uliopo ni jambo moja, kuuanzisha ni jingine, na mazungumzo yetu huyachanganya kila siku. Kwa binadamu, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulijumuisha watu zaidi ya 116,000 barani Ulaya. Msongo wa kazini haukuonekana kuongeza hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana, mapafu, matiti wala tezi dume. Msongo unaweza kumfikisha mtu huko kwa njia ya kuzunguka, akijituliza kwa sigara na pombe. Hapo kinacholeta saratani ni moshi na kilevi.

Je, kumtuliza mgonjwa humwongezea maisha? Utafiti wa 1989 kuhusu wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa ulitoa matumaini hayo: waliokutana kwa vikundi waliishi muda mrefu zaidi. Uliporudiwa na wengine, matokeo yakachapishwa 2001, faida hiyo haikuonekana. Waliokuwa na dhiki zaidi, hata hivyo, walipata nafuu ya maumivu na huzuni. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuutibu msongo wodini, hata kama uvimbe hautapungua.