Kwetu mbwa anachorwa getini, huku anapigwa picha

Jana mdada mmoja wa shelta (nyumba ya kutunzia mbwa na paka wasio na mwenyewe) kanitumia meseji kwamba yule mbwa mweusi hatimaye kachukuliwa. Huyo mbwa kakaa pale tangu wakati wa baridi, watu wanapita mbele ya banda lake kama wanapita mbele ya nguzo ya umeme, nikampiga picha, ikaingia kwenye tovuti, familia ikawasha gari ikaja kumfuata kutoka mji mwingine kabisa. Nilifurahi jamani, nikaiweka ile picha statasi. Sikumaliza hata kikombe changu cha chai, huko nyumbani kumeshawaka. "Ndo maisha uliyoenda kutafuta huko?" "Shekhe kawa mzungu." Mwingine hakuandika kitu, kaweka kicheko tu, na hicho ndo kiliniuma zaidi.

Sasa tuongee.

Mimi niko Houston, Texas. Katikati ya wiki naendesha forklifti kwenye ghala, na Jumamosi asubuhi naenda shelta ya kaunti na kamera yangu, ile ile niliyokuwa napigia harusi Ngamiani, Tanga, kabla sijaondoka. Shelta ya serikali haichagui, mbwa yeyote akiletwa wanampokea, kwa hiyo inajaa, na ikijaa kunatoka orodha, na kwenye orodha kuna majina na mbele ya jina kuna tarehe. Sitaki kuipamba, tarehe hiyo ni ya sindano ya kumuua. Na picha anayopigwa mbwa siku anayoingia inapigwa kupitia wavu, flashi imempiga machoni yakawa ya kijani, mkia umeingia miguuni, ukimwangalia unaona mahabusu. Nani atamleta huyo nyumbani kwa watoto wake?

Kazi yetu ni kumtoa nje. Kwanza aachwe akojoe, akimbie, anuse nyasi mpaka achoke, maana mbwa aliyetoka tu bandani hana akili ya kukaa. Halafu mwenzangu anamshika kamba na mimi nalala chini, tumbo kwenye majani kabisa, kwa sababu ukimpiga umesimama anatoka kichwa kikubwa na miguu ya panya, lazima lenzi iwe usawa wa macho yake. Siagi ya karanga kidogo ili alambe mdomo. Kitambaa cha rangi shingoni. Kamba tunaifuta baadaye kwenye kompyuta. Mweusi ndo ana kazi yake, jua kali linamfanya awe shimo lisilo na macho, kwa hiyo namweka kivulini, nyuma kuwe na mwanga mwanga, naongeza mwanga wa kamera mpaka manyoya yaonekane unywele mmoja mmoja. Na nikitaka ainamishe kichwa upande ule unaowaua Wamarekani, nalia kama mbuzi. Beee! Mbwa hawa hawajawahi kusikia mbuzi maishani mwao, wanabaki wameduwaa na hapo hapo nabonyeza. Bibi harusi wengi niliowapiga walikuwa wasumbufu kuliko hawa.

Chini ya picha wanaandika maelezo yake, na hawadanganyi: anapenda watoto, hapatani na paka, ana minyoo ya moyo ila inatibika (hiyo minyoo inaletwa na mbu, na Texas mbu wapo kama Pangani).

Hapo ndo nikaanza kuwaza mageti ya kwetu. Mnayajua. MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, na fundi kachora kichwa cha mbwa meno nje, na nusu ya mageti hayo ndani hakuna mbwa, kuna kuku. Hiyo ndo picha pekee ya mbwa niliyokuwa naiona. Huku anapigwa picha ili umpende, kwetu anachorwa ili umuogope. Sisi tulikuwa na Simba, kalala mlangoni kwetu mpaka kazeeka, kamfukuza mwizi wa betri ya gari la mzee, kala makombo na dagaa bila kulalamika, na nyumba nzima ile yenye mpiga picha hakuna picha yake hata moja. Kuna moja ya Idi, wote tumepanga mstari, pembeni kuna mkia. Mkia tu.

Najua mtakachosema. Mtasema watoto wanalala njaa wewe unahangaika na mbwa. Aliyeniandikia hivyo namjua, na pesa ya bati za nyumba yake nimemtumia mimi, sasa sijui alitaka nimtumie na ya ukuta ndo niruhusiwe kushika kamera. Kwani asubuhi ya Jumamosi nikilala mpaka saa sita kuna mtoto atashiba?

Mtasema mbwa ni najisi. Haya, mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma chuoni kama nyie, ile ya kuosha alipogusa mbwa mara saba, moja yake kwa udongo, naijua. Navaa glovu na ovaroli, nikirudi najitoharisha, naswali. Waislamu wa madhehebu ya Maliki wenyewe wanasema mbwa si najisi, ila mimi sijahama madhehebu, msianze. Lakini hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake na Mungu akamsamehe, hiyo mbona tulisomeshwa chuo hicho hicho na haitajwi kwenye kundi la familia?

Na mtasema najiona. Hapana. Tena ngoja niwaseme na hawa wa huku, maana wananichosha. Mtu ana kigari cha kumsukumia mbwa na bima ya mbwa, lakini jirani yake wa ukuta kwa ukuta hajui anaitwa nani. Na hao hao kila mwaka shelta zao zinaua mbwa na paka kwa mamia ya maelfu, kimya kimya, ndani, kwa sindano. Kwetu manispaa inapita na kipaza sauti "fungieni mbwa wenu", halafu mgambo na bunduki. Nani katili zaidi sijui, ila mbwa wa huku angalau kahesabiwa na kapigwa picha, na ile picha wakati mwingine inamtoa kwenye orodha. Mji wa Austin, hapa hapa Texas, uliamua mwaka 2010 kuacha kuua hivyo na mwaka uliofuata ukawa unaokoa zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wanaoingia shelta ya mji. Na mwaka 2022 ikaanza kutumika sheria ya jimbo inayokataza kumfunga mbwa nje kwa mnyororo. Texas hii, ya bunduki na magari makubwa! Sisi kinatushinda nini?

Na msiniambie hatuwezi. Pemba wamechanja mbwa, kijiji kwa kijiji, mpaka kichaa cha mbwa kikakatika kisiwani. Pemba, siyo Uswisi. Wale waliokuwa wanawapeleka mbwa kwenye chanjo hakuna aliyewaita wazungu. Nairobi KSPCA, chama cha kutetea wanyama cha Kenya, ipo miaka nenda rudi, inaokota mbwa na kuwatafutia watu. Kwa hiyo kinachokosekana kwetu siyo huruma, sijui ni nini, pengine ni mtu mmoja tu mwenye simu nzuri na asiyeogopa kuchekwa na ndugu zake.

Na kwa wale mlionifuata inboksi kwa adabu kuuliza: hakuna malipo, mafuta ya gari ni yangu, siagi ya karanga ni yangu. Na hapana, mtu hawezi kuombewa viza kupitia shelta ya mbwa. Nimeulizwa, wallahi sitanii, na aliyeuliza ndo yule wa kicheko.