Bando kila mtu ananunua, hisa je? Ubishi wa Voda na Nvidia kijiweni

Kuna ubishi ulianza kijiweni kwetu Magomeni na mpaka leo haujaisha, nikaona niuandike maana pande zote mbili zina hoja. Dogo mmoja ana fremu ya vifaa vya simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alisema anataka auze hisa zake zote za Voda na hela yote aipeleke Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu zinazoendesha akili mnemba, kupitia apu moja ya kununulia hisa za Marekani. Akamwambia mwalimu mstaafu, ambaye ndo alitufungua macho wengi kuhusu soko la hisa, "Mwalimu, dunia nzima inanunua chipu, sisi tumekaa na vocha." Mwalimu akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, hiyo vocha unayoidharau ndo inakuonyesha bei ya hiyo chipu."

Tulicheka sana, ila dogo akajibu kitu ambacho ndo kiini cha yote haya: kwamba kila mtu ananunua bando haimaanishi mwenye hisa anakula. Nimelizungusha hili kichwani siku kadhaa na naona dogo yuko sahihi, tatizo lake hajajigeuzia mwenyewe hiyo hoja.

Tuanze na Voda maana hapo ndo wengi wetu tuliingia sokoni kwa mara ya kwanza. Sheria ya fedha ya 2016 ilibana kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, Voda ikatangulia 2017, hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla bilioni 476. Mwanzoni ilikuwa wanunue Watanzania tu, hela haikutosha, ikabidi mlango ufunguliwe kwa wageni nao waingie, na Agosti mwaka huohuo hisa zikaanza kuuzwa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mitandao mingine mikubwa mpaka leo hujaiona sokoni, Airtel serikali ilipandishiwa umiliki kutoka asilimia 40 mpaka 49 mwaka 2019, Tigo ikauzwa kwa kundi linaloongozwa na Axian 2022 na sasa inaitwa Yas, Halotel ni ya Viettel ya Vietnam. Kwahiyo mtu wa Dar anayetaka hisa za kampuni ya simu kwa shilingi yake hana pa kuchagua, ni Voda.

Sasa angalia kilichofuata. Aliyeweka laki nane na nusu kwa hisa elfu moja alikaa miaka na miaka akiangalia bei iko chini ya ile aliyonunulia, wakati jirani yake mwenye hati fungani ya serikali ya miaka 20 (yaani ameikopesha serikali), ile ya kuponi, au riba ya mwaka, ya asilimia 15.49, alikuwa anapokea laki moja na nusu na ushee kwa kila milioni, kila mwaka, amelala. Na aliyenunua NMB kwa 600 mwaka 2008 hata tusimuongelee, 2024 hisa ilipita 5,000. Voda wateja walikuwepo muda wote, M-Pesa kila kona, foleni za mawakala mpaka barabarani, lakini miaka miwili mfululizo ya hesabu, iliyoishia Machi 2021 na Machi 2022, kampuni ilitangaza hasara.

Kwanini? Kwasababu kampuni ya simu ina mabosi wengi kuliko wenye hisa. Mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, wateja wakapungua. Aprili 2021 vifurushi vipya vikaanza, watu wakapiga kelele siku hiyohiyo, utaratibu ukasitishwa na bei za zamani zikarudi, yaani kampuni haiwezi kupanga bei ya bidhaa yake hata kwa wiki moja bila mtu mwingine kusema neno. Julai 2021 zikaja tozo za miamala, nyie wenyewe mnakumbuka, watu wakarudi kutumiana hela kwa madereva wa mabasi, Septemba serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 na baadae tena. Ile hela haikuwa inaenda kwa kampuni ila hasira na kupungua kwa miamala vyote vilitua mezani kwake. Ongeza na mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake tangu 2017, mnada wa masafa ya mawasiliano wa Oktoba 2022 ambao TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, ilivuna zaidi ya dola milioni 187 kwa kampuni zote zilizonunua, mitambo inayoagizwa kwa dola wakati bando linauzwa kwa shilingi, halafu siku ambazo intaneti inazimwa nchi nzima kama Oktoba 2025. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na tukakaa bila mtandao wa maana, hapo hata serikali haikuhusika.

Hapo utasema dogo ameshinda, subiri kwanza. Mwalimu hoja yake sio kwamba Voda ni tamu, hoja yake ni bei. Anasema kampuni ambayo kila mtu ameichoka, lakini imerudi kwenye faida na kila siku inakata kiasi kidogo kwa kila muamala wa M-Pesa, ukiinunua ikiwa chini ya ile 850 hununui kitu kilekile walichonunua wa 2017. Gawio, yaani sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa, linakuja kwa shilingi, kodi yake ni asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, na ukiwa na swali unaenda mkutano mkuu unamuuliza mkurugenzi uso kwa uso. Anatoaga mfano wa Safaricom na mfano huo una makali pande zote: 2008 iliuzwa shilingi 5 za Kenya, mwaka uliofuata ikadondoka mpaka chini ya 3 na Wakenya wengi wakauza kwa hasira, Agosti 2021 ikagusa 45, wale wale waliouza wakarudi wakanunua huko juu, mwisho wa 2023 iko chini ya 15 huku mtandao wake mpya wa Ethiopia ukimeza mtaji. Kampuni ni ileile, M-Pesa ni ileile. Aliyeingia kwa 3 na aliyeingia kwa 45 hawawezi kukaa meza moja wakaelewana.

Airtel Africa nayo ni somo, iko soko la London na Nigeria tangu 2019. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024 wateja waliongezeka, matumizi ya data yaliongezeka, na bado ikatangaza hasara ya dola milioni 89, sababu kubwa naira ya Nigeria kuporomoka. Huduma ilikuwa nzuri tu, sarafu ndo ikala.

Twende kwenye chipu ambako dogo macho yanamng'aa. Nakubali kwamba ni biashara ya aina nyingine kabisa. Nvidia haina kiwanda cha kutengeneza chipu, yenyewe inachora, TSMC ya Taiwan inatengeneza, na TSMC ili itengeneze zile za kisasa zaidi inategemea mashine za kuchora chipu kwa mwanga za ASML ya Uholanzi ambazo hakuna kampuni nyingine duniani inayozitengeneza. Huwezi kuamka Kariakoo wala Shenzhen ukaanzisha ya kwako. Ndo maana wanapanga bei wanayotaka, hakuna TCRA ya chipu wala mteja wa kuhama na namba yake. Nvidia ilivuka thamani ya dola trilioni moja 2023, trilioni tatu Juni 2024, trilioni nne Julai 2025. Ukiiweka hiyo karibu na miaka ya Voda unaelewa kabisa kwanini dogo halali.

Lakini si ni yeye aliyesema kila mtu kununua sio hoja? Mwaka 2000 intaneti ndo ilikuwa akili mnemba ya wakati ule, na muuza vifaa vya mtandao mkubwa alikuwa Cisco, kila kampuni ilihitaji vifaa vyake, Machi mwaka huo hisa yake ilifika dola 80 hivi na kwa muda ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Intaneti ikaja kweli, ikaenea kuliko hata walivyoota, mpaka bibi yangu Korogwe ana WhatsApp. Hisa ya Cisco ikaanguka zaidi ya asilimia 80 ndani ya kama miaka miwili, na aliyenunua kileleni alisubiri robo karne kuiona bei yake tena. Intel ndo usiseme, ilikuwa ndani ya karibu kila kompyuta ya ofisini, Agosti 2024 ikadondoka asilimia 26 kwa siku moja na kusitisha gawio. Nvidia yenyewe 2022 ilipoteza karibu nusu ya thamani, na Januari 27, 2025, taarifa za DeepSeek, akili mnemba ya China, zilipoenea, ikapoteza karibu dola bilioni 600 siku moja. Wateja wake wakubwa ni wachache, kina Microsoft, Meta, Amazon na Google, na Google na Amazon tayari wana chipu zao wenyewe. Kiwanda kikuu kiko Taiwan ambako kila mtu anajua presha iliyopo, na Marekani Oktoba 2022 ilianza kuzuia chipu za nguvu kwenda China. Mabosi wapo huku pia, tena wakubwa kuliko TCRA.

Halafu kuna mambo ya kwetu sisi ambayo wale wa YouTube wanaofundisha kuwekeza hawayasemi. Ukinunua dola mia kwa 2,700, bei iliyokuwepo 2024, ni 270,000. Mwisho wa mwaka huohuo shilingi ilipanda mpaka dola ikawa chini ya 2,500, chukulia 2,400, dola mia yako ni 240,000, umeshapoteza elfu thelathini na hisa haijatikisika. Inaweza pia kwenda upande wa pili ukafaidi, sawa, ila ujue unacheza mechi mbili kwa wakati mmoja. Gawio la Marekani kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao, na sisi hatuna, linakatwa asilimia 30, ingawa kwa Nvidia haliumi maana inatoa senti moja ya dola kila robo mwaka. BoT, Benki Kuu yetu, ina masharti yake kuhusu mkazi kupeleka mtaji nje, yasome kabla hujatuma. Na hiyo apu, hisa zimeandikwa jina la nani? Dogo hakuwa na jibu. Sisemi ni matapeli, ila watu wa Dar tumeshalizwa tangu ule upatu wa DECI 2009.

Kampuni za habari na burudani za mtandaoni, nazo kila mtu anazitumia, nitapita haraka, kwangu ndo dhaifu kuliko zote. Nation Media, wamiliki wa Mwananchi, ipo Nairobi na DSE pia, kuna wakati hisa yake ilipita shilingi 300 za Kenya, miaka ya karibuni iko chini ya 20. BuzzFeed iliingia sokoni 2021, 2023 ikafunga kitengo chake cha habari. Anayekula ni mwenye uwanja, sio anayecheza. Video ya bongo fleva ikipata watazamaji milioni kumi tangazo linapita kwa Google. Hata hao wenye uwanja Februari 2022 Meta ilianguka asilimia 26 siku moja, Aprili Netflix asilimia 35, kwahiyo tumbo liwe gumu.

Mimi nimemwambia dogo asiuze Voda yote kwa bei ya leo ili akanunue Nvidia ya bei ya leo, hapo anatoka kwenye kitu kilichochokwa kwenda kwenye kitu kinachoshangiliwa, na alishaona Wakenya walivyofanya. Kama chipu zinamuwasha atenge kidogo kwenye mauzo ya mwezi, anunue mfuko wenye kampuni nyingi za chipu badala ya moja, na asihesabu hiyo hela kwenye ada ya mtoto. Sijui kama amenisikia. Wiki iliyopita alishaweka oda ya kuuza kwa broka wake, na mpaka jana haikuwa imepata mnunuzi kwa bei anayotaka. Mwalimu kamwambia, "Shusha shilingi ishirini tu mwanangu, nitazichukua mimi."