Mizani ya dhahabu chini ya feni

Jamani, hizi mizani ndogo za kidijitali za wanunuzi wa dhahabu zimenichosha! Kwa kuwa zinasoma hadi 0.01 ya gramu, unaambiwa ziko sahihi. Wapi! Desimali mbili kwenye kioo hazizuii mizani kukupunja. Mnunuzi anaiweka juu ya meza inayoyumba, feni inapuliza, namba zinacheza 4.87, 4.83, naye anaandika ile ya chini. Ukimwomba aanze kupima jiwe la mizani la gramu 50, ili tuone kama inasoma 50 kweli, ananuna. Na stika ya Wakala wa Vipimo iko wapi? Tanzania mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka. Zima feni, tuliza meza, weka jiwe nilione, ndipo tupime jasho la mchimbaji.