Rais wa mwaka mmoja, pampu ya miaka ishirini

Ukutani mwa ukumbi wa hoteli tunamokutania kila Jumatano kuna vibendera zaidi ya hamsini. Ni vidogo, vingine vya pembe tatu, vingine vina nyuzi za dhahabu pembezoni. Kila klabu ya Rotary, chama cha dunia cha watu wa kazi na biashara wanaochangia miradi ya jamii, ina chake, na akija mgeni wa klabu ya nchi nyingine desturi ni kubadilishana: anatupa chake, tunampa chetu, tunapigwa picha. Mimi ni mhazini wa klabu ya mji wetu, mji ambao sitautaja kwa sababu mtakayoielewa mbele ya safari. Siku moja rais wa klabu alichelewa na chakula kikachelewa pia, basi nikavihesabu vile vibendera huku nikijiuliza swali la kihasibu. Katika hivi vyote, ni vingapi vilivyozaa kitu chochote zaidi ya picha?

Nilipata vinne.

Kabla sijaendelea, niwatoe hofu wale wenye wasiwasi. Nilipojiunga, mama mkwe aliniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nimeingia Freemason. Ni lile gurudumu la kwenye beji lililomtisha. Nikamwambia, mama, humo ndani tunakula wali na kuku, tunapigana faini za mia tano kwa kuchelewa, na tunabishana kuhusu madawati. Historia yenyewe haina siri. Mwaka 1905 wakili mmoja wa Chicago, Paul Harris, aliwaita wenzake watatu ili wafanyabiashara wa mji ule wafahamiane. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, ndiyo maana ya jina. Nairobi ilipata klabu mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Wanawake tulifunguliwa mlango rasmi mwaka 1989, miaka miwili baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu katika kesi iliyohusu klabu moja ya California. Rais wa dunia wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alishika usukani mwaka 2022. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Hilo la zamu nataka nilishike, kwa sababu ndilo linaloniwasha. Katika Rotary urais ni wa mwaka mmoja. Mwaka unaanza tarehe 1 Julai, unaisha tarehe 30 Juni, rais anavua mkufu anamvisha mwenzake. Kwa nchi zetu ambako mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana anaweza kukaa mpaka azikwe yeye, huo ni utaratibu mzuri mno. Hakuna anayeota mizizi. Ila una gharama ambayo haimo katika vitabu vyangu vya hesabu. Kila rais anataka chake. Mmoja alikuwa wa vyoo vya wasichana, aliyemfuata akawa wa madawati, akaja wa miti, akaja wa kambi ya macho. Tarehe 1 Julai ikifika, cha mwaka jana kinakuwa cha marehemu. Hakuna aliyewahi kusimama akasema, "Ndugu zangu, mwaka wangu mimi ni wa kukarabati vya wenzangu." Angechekwa, na angepigwa faini.

Sasa kisima.

Miaka michache iliyopita klabu yetu na klabu moja ya Ujerumani tulichimba kisima katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini. Kibendera chao ni kimoja katika vile vinne. Utaratibu wa fedha hizi wengi hawaujui, kwa hiyo niueleze. Ruzuku kubwa ya Mfuko wa Rotary haitolewi kwa mradi wa chini ya dola 30,000, na haitolewi kwa klabu moja. Lazima pawe na mwenyeji na mshirika wa nje. Fedha zinazotoka kwenye akiba ya wilaya za Rotary za pande zote mbili (wilaya kwetu ni kundi la klabu za eneo moja), Mfuko unaziongezea asilimia 80. Ndivyo klabu yenye wanachama thelathini, nusu yao wakidaiwa ada, inavyoweza kusimamia mradi wa mamilioni. Mhasibu yeyote anausifu mpango huu, hasa akikumbuka kwamba mchango wa kwanza kabisa wa Mfuko huo, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50.

Masharti yake nayo ni magumu, na ninayapenda. Kabla ya kuomba, lazima mkawaulize wananchi wenyewe wanahitaji nini. Lazima muoneshe mradi utaishije fedha zikiisha. Karatasi zetu zilikuwa safi. Nazikumbuka kwa sababu nilizijaza mimi, usiku, nyumbani, chai ikipoa pembeni. Penye swali la matengenezo niliandika kwamba jamii itachangia matengenezo kupitia kamati ya maji. Sentensi moja. Ukiisoma unaona kamati imeshakaa, daftari lipo, fundi yupo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeongea na mwenyekiti wa kijiji kwa simu dakika tano, mtandao ukikatika kila mara.

Siku ya makabidhiano ilifana. Turubai, viti vya plastiki vya kukodi, ngoma, risala iliyotajwa ndani yake changamoto kumi na moja, mgeni rasmi akakata utepe. Wageni wetu wa Ujerumani walipampu maji kwa zamu huku wakicheka. Kibao cha marumaru kina nembo za klabu zote mbili.

Miaka miwili baadaye mhazini mwenzangu wa kule aliniandikia barua pepe. Ilikuwa fupi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama pampu inatoa maji leo. Niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akaweka picha ya siku ya ufunguzi. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuna kati yetu aliyerudi kule hata mara moja.

Nilikwenda Jumamosi na gari la shemeji. Kibao kilikuwa kinang'aa, kuna mtu alikuwa anakifuta. Mpini wa pampu ulifungwa kwa kamba ya katani ili watoto wasiuchezee. Bibi mmoja alikuwa anapita na ndoo kichwani akitokea korongoni, nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba bila kusimama. Nikamuuliza pampu imeharibika tangu lini. Hapo akasimama, akanitazama fulana yangu yenye lile gurudumu.

"Tangu mahindi yale ya mwaka juzi, mwanangu. Mlikuja na ngoma, mkaondoka na ngoma yenu."

Fundi wa baiskeli wa pale kijijini alikuwa anajua kabisa ugonjwa wa pampu ile. Ni raba. Kile kiraba cha kwenye pistoni kinacholika kwa msuguano na mchanga, ambacho kinatakiwa kubadilishwa kabla hakijaisha. Pampu yenyewe ni Afridev, na hapa ndipo niliposikia aibu zaidi, kwa sababu Afridev ilibuniwa kwa ajili hiyo hiyo. Ilizaliwa Malawi na kukomazwa Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980, na shabaha ilikuwa wanakijiji waweze kuifungua wenyewe. Pistoni inavutwa juu bila kung'oa bomba lote, huhitaji winchi wala gari la mjini. Kwale kulikuwa na kamati za akina mama walioshika spana wenyewe. Fundi wetu wa baiskeli spana alikuwa nazo. Asichokuwa nacho ni raba, kwa sababu hakuna duka kijijini linalouza, na hakuna aliyemwachia akiba. Bei ya raba ile haifiki bei ya kreti moja ya soda. Siku ya ufunguzi tulikunywa kreti tisa. Risiti ninayo.

Nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu, nikarudi kwangu kila mara. Wajerumani hawakufanya kosa, wao ndio waliouliza. Kijiji nacho, ukweli usemwe, kiliwahi kukusanya hela za maji miezi mitatu ya mwanzo, pampu ilipokuwa haina tatizo. Hela zikaonekana zimelala, zikaazimwa kwenye msiba, hazikurudi. Nani asiyejua hadithi hiyo? Na sisi tuliweka kisima mikononi mwa watu bila kukaa nao hata mwaka mmoja wa kwanza. Serikali ilipounda RUWASA mwaka 2019 kusimamia maji vijijini, ilikuja na vyombo vya watumia maji vyenye katiba, akaunti na mhasibu. Kisima chetu hakikuandikishwa popote. Ofisi ya maji ya wilaya haikujua kama kipo.

Wapo waliokwishatatua jambo hili karibu na sisi. Huko huko Kwale, na Kitui, kuna mafundi wa FundiFix. Kijiji kinalipa kiasi kidogo kila mwezi, pampu ikikwama fundi anatakiwa afike na kutengeneza ndani ya siku tatu. Katika majaribio ya mwanzo kule Kitui, pampu iliyokuwa ikilala karibu wiki nne bila kutengenezwa ilianza kupona kwa siku zisizofika tatu. Teknolojia ya kisima haikubadilika, ni ile ile. Kilichoongezeka ni mtu mwenye pikipiki, raba mfukoni, na mshahara. Ndiyo maana mimi siku hizi mgeni akija na kibendera na kuuliza "mnahitaji nini?", ulimi unaniwasha nimwambie: tulipieni mshahara wa fundi kwa miaka mitatu wakati kijiji kinajifunza kuulipa. Sijawahi kulisema hadharani. Mshahara wa fundi hauna utepe wa kukata.

Ajabu ni kwamba Rotary yenyewe inajua kukaa na jambo moja. Tazameni polio. Walianza Ufilipino mwaka 1979 na chanjo kwa watoto milioni sita, mwaka 1985 wakaifanya kazi ya dunia nzima, mwaka 1988 wakaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani. Wakati ule polio ilikuwa inapooza watu 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili, vikabaki Afghanistan na Pakistan. Katika miaka yote hiyo Rotary imekuwa na marais wa dunia zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyesema polio ilikuwa ya mwenzangu wa mwaka jana. Na ilipoonekana Lilongwe mapema mwaka 2022, kirusi chenye asili ya Pakistan, mikoa yetu ya mpakani na Malawi ilirudi nyumba kwa nyumba na matone. Hapo ndipo utaona raba ikibadilishwa kwa wakati.

Waganda nao wana mbio zao za saratani, zinazokimbiwa kila mwaka tangu 2012, na wodi ya saratani ya hospitali ya Nsambya, Kampala, imejengwa kwa jasho hilo. Dar wana marathoni yao ya Siku ya Nyerere tangu 2009. Mbio zile zile kila mwaka, rais mpya. Mshirika wa nje akikuta mtu anakimbia tayari, anajiunga. Akikuta mtu amekaa anasubiri, anakuwa mfadhili, na mfadhili na rafiki hawafanani hata kidogo. Nimeona vibendera vingi vya wafadhili.

Pampu tuliitengeneza. Nilinunua raba sita mjini, fundi wa baiskeli akabadilisha kwa muda wa kupika wali, maji yakatoka machafu kisha yakatoka masafi. Hakukuwa na ngoma. Bibi yule alikuja kuchota, akaniambia niwasalimie Wazungu. Barua pepe ya Ujerumani niliijibu kwa ukweli wote, pamoja na habari ya kreti tisa, na nilitegemea lawama. Mwenzangu yule alinijibu kwamba klabu yao nayo ina bustani ya watoto iliyofunguliwa kwa mbwembwe miaka kadhaa nyuma, bembea zake zimefungwa na halmashauri ya mji wao kwa sababu hakuna aliyezikagua. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Tangu siku hiyo tunaandikiana kila mwezi, hata pasipo na mradi.

Mwezi uliopita nilipeleka hoja kwenye bodi: asilimia kumi ya kila tunachochangisha iende kwenye miradi ya zamani, na kila rais mpya, kabla hajatangaza chake, aitembelee yote kwa macho yake mwezi wa Julai. Niliuita Mfuko wa Raba. Walicheka vizuri. Rais mteule, kijana ninayempenda kama mdogo wangu, ana ndoto ya maktaba, na ameshapata kibendera cha klabu moja ya Uholanzi. Akaniambia kwa upole, "Mama Mhazini, hoja ni nzuri, lakini raba haipigwi picha."

Katibu ameandika kwenye muhtasari kwamba hoja imeahirishwa hadi kikao kijacho. Raba tano zilizobaki, mbili nilimwachia fundi. Tatu zimo kwenye droo yangu ya dukani, juu ya kitabu cha hundi cha klabu, ili kila anayekuja kuomba saini azione.