Bweni na msimu wa asali: watoto wa Kihadzabe wasomeshwe vipi?

Mtoto wa Kihadzabe wa miaka mitano au sita tayari anajitafutia sehemu ya chakula chake. Anafuatana na akina mama kuchimba mizizi, anaokota mabuyu na kuyapasua kwa jiwe. Akiwa wa kiume, ana upinde unaolingana na kimo chake. Umri wa darasa la kwanza ukifika anapelekwa bweni, na mwalimu anamsalimu kwa lugha asiyoielewa. Haishangazi kwamba wengi wametoroka na kurudi porini kwa miguu, tangu serikali ilipoanza kuwahamishia Wahadzabe kijiji cha Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960.

Wahadzabe, jamii ya wawindaji na waokota matunda, ni zaidi kidogo ya watu 1,000, pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Lugha yao ya vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, haina ndugu anayejulikana duniani. Ndiyo maana kuna ombi kwamba miaka ya mwanzo ya shule watoto wafundishwe kwa Kihadzabe.

Wanaotetea shule kama ilivyo wana hoja nzito, nami siwabezi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa imepewa bonde la Yaeda, ikajiondoa baada ya malalamiko. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao. Ardhi siku hizi hulindwa kwa makaratasi, na asiyesoma Kiswahili husomewa na wengine. Tena bweni lina uji wa uhakika, na hilo si dogo pale mifugo na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yalivyomega pori lililowalisha.

Wengine huuliza: Kihadzabe kikiingia darasani, itakuwaje lugha nyingine zaidi ya 100 za Tanzania nazo zikidai? Hofu hiyo naielewa, maana Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini kinachoombwa ni miaka miwili au mitatu ya mwanzo tu. Kenya, mtaala wa umilisi unaruhusu madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na Kiswahili hakijafa huko.

Ninaposhindwa kukubaliana nao ni kwenye bweni lenyewe. Kuna ndege anayeongoza watu kwenye asali: mtu hupiga mluzi, ndege huitika, wakaongozana mti hadi mti mpaka kwenye mzinga. Ujuzi huo hupatikana kwa kutembea na mkubwa msimu baada ya msimu, na ratiba ya shule haiutambui msimu wa asali. Wakati huohuo, Wahadzabe wa Yaeda wanauza hewa ukaa ya msitu wao, yaani wanalipwa kwa kuutunza usikatwe, na sehemu ya fedha hizo inalipia masomo ya watoto. Msitu unamsomesha mtoto, shule inamtenga na msitu!

Kikwazo cha kweli ni walimu. Wahadzabe wenye cheti cha ualimu ni wachache mno, na wazee wanaoujua msitu hawana cheti chochote. Ila fedha hizohizo za hewa ukaa tayari zinawalipa vijana wa hapo wanaolinda msitu. Kwa utaratibu huo kijiji kingeweza kumlipa mama mmoja akae darasa la kwanza, kando ya mwalimu, azungumze na watoto kwa lugha yao.